Nyumba Pana, Ua Finyu: Makazi Mapya ya Wastaafu Marekani

Nyumba mpya zinazojengwa katika makazi ya wastaafu nchini Marekani zina ua mdogo kuliko zile zilizojengwa miaka 50 au 60 iliyopita. Makazi haya ni mitaa, na wakati mwingine miji mizima, iliyotengwa kwa watu wa miaka 55 na kuendelea, yenye kumbi, mabwawa ya kuogelea na viwanja vya michezo vyake yenyewe. Si nyumba za kulelea wazee. Mkazi hununua nyumba, hujipikia, huendesha gari lake, hulipa kodi ya jengo, na akichoka huuza akahama. Kinachobadilika ni ile ardhi inayoizunguka nyumba. Zamani ilitosha michungwa miwili mitatu na wajukuu kukimbizana. Siku hizi mara nyingi upande wa nyuma unabaki ukanda usiozidi urefu wa gari moja.

Kuwatenga watu kwa umri ni jambo ambalo sheria ya Marekani inaliruhusu kwa masharti. Marekebisho ya mwaka 1988 kwenye sheria ya shirikisho ya haki ya makazi yalikataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, lakini yakaacha nafasi kwa mitaa ya wazee: angalau nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Mtaa usio na watoto hauhitaji shule, na hauhitaji ua wa kuchezea. Kwa mpangaji wa viwanja, sababu moja kubwa ya kuacha nafasi nyuma ya nyumba imeondoka hata kabla hajashika kalamu.

Mtaa wa kwanza unaotajwa katika historia hii ni Youngtown, jimbo la Arizona, ulioanzishwa mwaka 1954 na Ben Schleifer. Aliyeigeuza fikra hiyo kuwa biashara kubwa ni Del Webb, mkandarasi wa Phoenix aliyekuwa pia mmoja wa wamiliki wa timu ya besiboli ya New York Yankees. Tarehe 1 Januari 1960 alifungua Sun City, jirani kabisa na Youngtown, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya pamba. Watu wapatao 100,000 walifika kutazama nyumba za mfano katika siku za mwanzo. Nyumba ya bei ya chini kabisa ilikuwa kama dola 8,500. Webb alifanya jambo ambalo wenzake waliliogopa: alijenga kwanza uwanja wa gofu, ukumbi na maduka, ndipo akauza nyumba. Mnunuzi hakupewa ahadi, alionyeshwa kitu kilichokwisha kusimama. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza bidhaa kuu ilikuwa ardhi ya pamoja, na ua wa mwenye nyumba ulikuwa nyongeza tu. Yaliyofuata yana mzizi wake hapo.

Hata nyongeza hiyo ilikuwa kubwa kwa wakati ule, kwani ardhi ya jangwani ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa maji. Eneo la Phoenix, mahali ilipo Sun City, hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka, na wakazi wengi walitoka majimbo ya kaskazini walikozoea majani mabichi mbele ya nyumba. Ukoka, nyasi zile zile zinazotambaa kandokando ya mashamba Afrika Mashariki, ulishika vizuri, ila ulitaka kumwagiliwa kila mara na kukatwa kila wiki wakati wa joto. Wengi waliung'oa wakamwaga kokoto. Wapo waliozipaka kokoto hizo rangi ya kijani ili anayepita barabarani aone kama nyasi. Watu wamewacheka kwa miaka mingi, lakini walikuwa wakweli kuliko matangazo ya biashara: walitaka sura ya ua bila kazi yake.

Kupungua kwa viwanja si jambo la wastaafu peke yao. Kiwanja cha kati cha nyumba mpya ya familia moja iliyouzwa Marekani mwaka 2015 kilikuwa kama futi za mraba 8,600, yaani takriban mita za mraba 800, chini kidogo ya moja ya tano ya ekari. Wakati huo huo nyumba zenyewe zilikuwa zimenenepa: nyumba mpya ya kati ilikuwa na mita za mraba 142 mwaka 1973, na 229 mwaka 2015. Kiwanja kikipungua na nyumba ikikua, kinachominywa ni kile kilicho kati ya ukuta na mpaka. Hata hivyo si haki kudhani kwamba zamani kila Mmarekani alikuwa na shamba nyuma ya nyumba. Levittown, mtaa maarufu ulioanza kujengwa New York mwaka 1947, ulikuwa na viwanja vya futi 60 kwa 100, ambavyo ni vidogo kuliko kiwanja cha kati cha leo. Tofauti ni kwamba nyumba zake nazo zilikuwa ndogo, kwa hiyo ua ulionekana.

Katika makazi ya wastaafu hali ni ya kubana zaidi. Wajenzi wake huvipanga viwanja kwa upana wa upande wa barabarani: futi 40, 50, 60 na kuendelea. Kile cha 40 ndicho cha bei nafuu. Tuchukue mfano wa kiwanja chenye upana wa mita 12 na urefu wa mita 35. Ni mita za mraba 420, pungufu hata ya kiwanja cha futi hamsini kwa mia ambacho Mkenya hukiona cha kawaida mjini. Kanuni nyingi za mipango miji hudai nyumba iache kama mita moja na nusu kila upande. Upana wa nyumba unabaki mita 9. Mbele huachwa mita 6, ili gari liweze kusimama bila kuziba njia ya waenda kwa miguu. Banda la magari mawili linakula mita 6 katika zile 9 za upana, ndiyo maana mpita njia huona milango ya mabanda kuliko madirisha. Ili kupata vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko bila ngazi, nyumba inarefushwa kwenda nyuma hadi mita 21 hivi. Zinabaki mita 8. Baraza linachukua 3. Ua uliobaki ni mita 5 kwa 12, na humo humo mna mtaro wa kupitisha maji ya mvua.

Neno zito katika hesabu hiyo ni kutokuwa na ngazi. Marekani, zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na ngazi ni adui anayejulikana. Nyumba ya wastaafu kwa hiyo hujengwa ya chini, isiyo na ngazi, tena kwa korido pana ambamo kiti cha magurudumu kinaweza kupita na bafu lisilo na kizingiti. Yote hayo yanataka sakafu, na sakafu ya ghorofa moja hulala juu ya ardhi. Nyumba ile ile ya hesabu yetu ikijengwa kwa ghorofa mbili ingefupika kwa zaidi ya mita 8, na ua wa nyuma ungekuwa maradufu. Familia changa hufanya hivyo. Mstaafu hawezi, au hathubutu. Katika hali hiyo usalama wa magoti na ukubwa wa ua vinagombea kipande kimoja cha ardhi, na magoti ndiyo yanayoshinda. Haki yake.

Sababu ya pili iko barabarani. Lami, kingo za zege, mabomba ya maji safi, mabomba ya maji taka, taa na nyaya hulipiwa kwa urefu. Barabara ya mita 600 yenye viwanja vya upana wa mita 18 pande zote mbili hubeba nyumba 66. Viwanja vikipunguzwa hadi mita 12, barabara ile ile hubeba nyumba 100. Gharama za kuichimba hazibadiliki, ila sasa zinagawanywa kwa watu 34 zaidi. Hakuna mbinu nyingine ya kubana matumizi inayoleta faida ya haraka namna hiyo, na inaeleza kwa nini ukanda unaokatwa kwanza ni ule wa pembeni, kati ya nyumba na nyumba. Kiwanja kirefu hakimuumizi mwekezaji. Kiwanja kipana ndicho kinachomuumiza.

Matangazo huisimulia hadithi hii kwa namna nyingine: kwamba wazee wenyewe hawataki ua. Kuna ukweli ndani yake. Waliozaliwa kati ya mwaka 1946 na 1964, ambao kufikia 2030 wote watakuwa wametimiza miaka 65, wengi wao wamekata nyasi kila Jumamosi kwa nusu ya maisha yao na wanafurahi kuigawa mashine. Wengine hukaa Arizona au Florida miezi ya baridi tu, kisha hurudi kaskazini. Wao wanataka nyumba ya kufunga mlango na kuondoka. Katika nyumba kama hiyo mjane anayeishi peke yake hana haja ya kutafuta mtu wa kupogoa miti. Lakini mteja huchagua katika kile kilichopangwa mezani. Anayetaka nyumba ya bei ya wastani isiyo na ngazi, yenye ua wa kutosha mti wa kivuli, mara nyingi huambiwa kiwanja kipana zaidi kipo kwa bei ya juu, au kipo kwenye kona na kimekwisha chukuliwa. Kusema kwamba ameukataa ua ni kumwekea maneno mdomoni.

Majimbo ya magharibi yana sababu nyingine, na hii haina ubishi. Katika miji ya jangwani sehemu kubwa ya maji ya nyumbani huishia nje ya nyumba, kwenye mimea na mabwawa. Kusini mwa Nevada, ambako kuna mtaa wa Sun City Summerlin, kupanda nyasi mbele ya nyumba mpya kulipigwa marufuku tangu miaka ya 2000, na mamlaka ya maji humlipa mwenye nyumba anayeng'oa nyasi alizonazo. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2021 iliweka mwisho wa 2026 kuwa ukomo wa kumwagilia kwa maji ya mto Colorado nyasi za mapambo, zile za kandokando ya barabara na mbele ya maofisi ambazo hakuna anayezikanyaga. Arizona nayo ilitangaza Juni 2023 kwamba haitaidhinisha mitaa mipya ya eneo la Phoenix inayotegemea maji ya chini ya ardhi peke yake. Kwa mkandarasi wa huko, kiwanja kidogo ni kibali chepesi.

Ufinyu huo umezaa maumbo mapya ya nyumba. Lipo umbo ambalo ukuta mmoja unasimama juu ya mpaka wenyewe, hauna dirisha, na nafasi yote ya pembeni inasukumwa upande wa pili. Badala ya vichochoro viwili visivyofaa kitu unapatikana ua mmoja wa kueleweka. Jirani huwekewa kwenye hati sharti la kumruhusu mwenzake apite kwake kupaka rangi au kuziba ufa. The Villages, mji mkubwa wa wastaafu wa Florida ulioanza kama eneo la nyumba za kuhamishika na leo una wakazi zaidi ya laki moja, una mitaa ya nyumba ndogo zenye ua uliozungushiwa ukuta. Anayeijua nyumba ya Mswahili ya pwani, yenye uani palipositirika, hataona ajabu: ua mdogo wenye ukuta hutumika kuliko ua mkubwa unaotazamwa na kila mtu. Huu ndio mpango bora kati ya yote yaliyobuniwa, na inashangaza kwamba haujaenea zaidi. Kwingineko Florida ua wa nyuma umegeuka kuwa baraza lililofunikwa wavu wa kuzuia mbu kuanzia sakafuni hadi juu ya paa, bwawa likiwa ndani yake. Nje ya wavu unabaki utepe wa nyasi ambao mkata nyasi wa mtaa huumaliza kwa mizunguko miwili.

Ardhi iliyotoka kwenye nyua za watu, kwa maelezo ya wauzaji, imehamia kwenye bustani na viwanja vya pamoja. Kwa Sun City ya 1960 maelezo hayo yalikuwa sahihi. Kwa mitaa mipya yanahitaji kuchunguzwa. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 hutaka hekta 60 hivi, pamoja na maji na mishahara isiyokatika. Kuanzia mwaka 2006, kwa miaka mingi mfululizo, viwanja vya gofu vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa, na makazi mengi mapya ya wastaafu hayajengi gofu kabisa. Mchezo uliochukua nafasi ni pickleball, unaochezwa kwa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Uwanja wake ni wa futi 20 kwa 44, na vinne vyake vinaingia katika eneo la uwanja mmoja wa tenisi. Ni mchezo mzuri kwa wazee, unawakutanisha watu na hauwachoshi upesi. Ila kwa hesabu ya ardhi, mkazi wa leo amepunguziwa nyumbani na akapunguziwa tena nje. Katika baadhi ya mitaa kile kinachoitwa eneo la wazi katika michoro ni bwawa la kukusanyia maji ya mvua, ambalo kanuni zingelidai hata kama pasingekuwa na mstaafu hata mmoja.

Ua unapokuwa wa pamoja, kazi yake hugeuka kuwa ada. Kila mnunuzi huingia moja kwa moja katika chama cha wenye nyumba, hulipa kila mwezi, na chama huajiri kampuni ya kukata nyasi, kupogoa na kumwagilia. Ada hupanda, na mfuko wa akiba ukipungua wakazi huchangishwa kwa mkupuo. Mtu aliyekuwa akikata nyasi kwa mashine yake angeweza kuahirisha mwaka ambao mkono ni mtupu. Ada haiahirishwi, na asiyelipa anaweza kuwekewa zuio kwenye hati ya nyumba yake. Pamoja na ada huja kanuni: rangi ya mlango, aina ya kichaka, urefu wa bendera. Mwaka 2019 Florida ilipitisha sheria ya kuzizuia serikali za mitaa kupiga marufuku bustani za mboga kwenye viwanja vya watu, lakini sheria hiyo inazihusu serikali, si vyama binafsi. Anayetaka kupanda mchicha mbele ya nyumba yake kwenye mtaa wa namna hii asome kwanza kitabu cha kanuni. Baadhi ya mitaa hutenga vitalu vya pamoja, tena vilivyoinuliwa kwa mbao hadi usawa wa kiuno ili mtu asiiname. Vitalu hivyo vinasaidia kuliko bustani ya maua iliyopangwa na kampuni.

Hasara kubwa zaidi si ya nyasi, ni ya nafasi ya kubadilika. Mtu anayehamia akiwa na miaka 62 ana afya na gari. Akifika 80 huenda akahitaji njia ya mteremko yenye kishikio, chumba cha mtoto aliyekuja kumtazama, au chumba cha msaidizi wa kulala hapo hapo. Miongoni mwa wasaidizi hao wamo wahamiaji wengi, Wakenya na Watanzania wakiwamo, na wanajua jinsi ilivyo kulala sebuleni kwenye nyumba ya mgonjwa. Nyumba iliyokwisha kufika kwenye mstari wa mwisho unaoruhusiwa haiongezeki hata kwa mita moja. Mwaka 2024 Arizona ilipitisha sheria ya kuilazimisha miji yenye watu zaidi ya 75,000 kuruhusu kijumba cha pili uani, lakini mahali ambapo pamebaki mita 5 kwa 12 ruhusa hiyo ni karatasi tu, hata kabla ya chama kusema hapana.

Kuna pia joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kuzidi nyuzi 43 za Selsiasi. Mti wa kivuli unataka nafasi ya mizizi mbali na msingi na mabomba, na katika kichochoro cha mita tatu kati ya kuta mbili hakuna mahali pa kuupanda. Kinachokaa humo ni mapipa ya taka na mitambo ya viyoyozi ya nyumba zote mbili, kila mmoja ukipuliza hewa ya moto katika nafasi hiyo finyu na kunguruma karibu na dirisha la chumba cha kulala cha jirani.

Anayefikiria kununua, au anayemsaidia mzazi kununua, asiipime kwa macho nyumba ya mfano anayoonyeshwa na muuzaji. Nyumba hizo mara nyingi huwekwa kwenye viwanja vipana kuliko vinavyouzwa, na ua wake huwa umepangwa kwa gharama ambayo haimo kwenye bei. Ramani rasmi ya viwanja, yenye vipimo vya kila upande na mistari ambayo ukuta hauruhusiwi kuivuka, huandikishwa katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, na yeyote ana haki ya kuiona. Aiombe ramani hiyo na kitabu cha kanuni cha chama kabla ya kutoa malipo ya awali, atoe vipimo vya nyumba katika vipimo vya kiwanja, kisha aamue kama kinachobaki kinamtosha kwa miaka 20.